Ufunguo wa Kumbukumbu za Umma ni Dhamana

Ipo kauli moja ambayo imekwisha kuzoeleka mno katika ofisi nyingi, nayo ni ile isemayo kwamba "mtandao unasumbua". Mwananchi hufika dirishani asubuhi akitaka hati, stakabadhi au maelezo ya mafao yake. Mtumishi huandika jina lake na neno la siri, au nywila kama iitwavyo siku hizi, kwenye kompyuta. Kompyuta hujibu kwa maneno machache kwamba ameshindwa kuingia, na mwananchi huambiwa arudi kesho. Kesho akirudi huikuta kauli ile ile ikimsubiri. Hakuna anayeuliza mtandao huo umesumbuliwa na nini, wala ni nani mwenye wajibu wa kuondoa usumbufu huo.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mtandao hauna kosa lolote. Nyaya ni nzima, umeme upo, na ile mashine inayohifadhi kumbukumbu, ambayo mafundi huiita seva ya kanzidata, inafanya kazi yake kama ilivyoagizwa. Imemkataa mtu mlangoni kwa sababu masharti iliyopewa yanaitaka imkatae. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuharibika kwa mtandao, na dawa yake ni tofauti. Anayeshindwa kuyatenganisha magonjwa haya mawili ni sawa na tabibu anayetibu kila homa kwa dawa ya malaria: wako wagonjwa watakaopona kwa bahati, na wako watakaozikwa kwa ujinga wake.

Yafaa basi suala hili lizungumzwe wazi, kwa maana si suala la mafundi peke yao. Kumbukumbu za mishahara, za ardhi, za mitihani, za wagonjwa na za kodi siku hizi hukaa ndani ya kanzidata. Mwenye ufunguo wa kanzidata hiyo ameshika maisha ya watu wengi mkononi mwake, hata kama yeye mwenyewe hajifahamu hivyo.

WALINZI WATATU

Mtu anayetaka kuingia kwenye kanzidata hukutana na walinzi watatu, mmoja baada ya mwingine. Mlinzi wa kwanza hulinda njia. Kila seva ya kanzidata husikiliza kwenye mlango wenye namba yake: SQL Server ya kampuni ya Microsoft kwa kawaida hutumia namba 1433, MySQL hutumia 3306, na PostgreSQL hutumia 5432. Ukuta wa kinga wa ofisi ukiifunga namba hiyo, hakuna nywila duniani itakayosaidia.

Mlinzi wa pili huuliza: wewe ni nani, na una uthibitisho gani? Hapo ndipo jina na nywila vinapohitajika. Mlinzi wa tatu huuliza: maadam umekwisha kuingia, umeruhusiwa kuona nini na kugusa nini? Mtu anaweza kuwavuka walinzi wawili wa mwanzo kwa heshima zote akakwama kwa wa tatu, kwa sababu jina lake linajulikana kwenye seva lakini halikuandikwa kwenye kanzidata ile anayoitaka.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi mwenye busara ni hili: ni mlinzi yupi aliyekataa? Na jibu halihitaji elimu ya ajabu. Ikiwa kompyuta inakaa kimya kwa muda mrefu kisha inasema haikupata jibu, yaelekea tatizo liko njiani. Ikiwa inajibu mara moja kwamba jina au nywila havikubaliki, basi njia ni nzima na seva iko hai, na anayekataa ni mlinzi wa pili. Ikiwa mtu anaingia lakini anaambiwa hana ruhusa ya kusoma jedwali fulani, huyo ni mlinzi wa tatu. Mtumishi wa kawaida anayeweza kumweleza fundi jambo hili kwa simu ameokoa nusu siku ya kazi. Anayesema tu kwamba "mtandao unasumbua" hakumsaidia mtu.

UKWELI UMO KWENYE DAFTARI

Watumishi wengi hulalamika kwamba kompyuta haitoi sababu. Humwambia mtu kwamba kuingia kumeshindikana, basi. Lakini ufupi huo si ujeuri wala si upungufu wa mashine. Umepangwa kwa makusudi. Lau seva ingemwambia kila abishaye hodi kwamba "jina hili lipo ila nywila si sahihi", ingekuwa imemsaidia mwizi nusu ya kazi yake, maana angejua kwamba jina amelipata na kilichobaki ni kubahatisha nywila. Ndiyo sababu PostgreSQL humpa mgeni jibu lile lile, iwe jina halipo kabisa au nywila imekosewa.

Hata hivyo, seva haimfichi mwenye nyumba. Ndani yake limo daftari la matukio, na humo sababu ya kweli huandikwa. SQL Server inaonyesha jambo hili vizuri. Mtumiaji aliyekataliwa huona kosa namba 18456 bila maelezo ya maana. Lakini kwenye daftari la seva kosa hilo hilo hufuatwa na namba ya hali. Hali namba 5 ni kwamba jina hilo halipo. Namba 8 ni nywila isiyo sahihi. Namba 18 ni kwamba nywila haina budi kubadilishwa kwanza. Namba 38 ni kwamba kanzidata iliyotajwa haikuweza kufunguliwa. Namba 58 ni kwamba seva imepangwa kuwapokea watu waliotambuliwa na Windows peke yao, ilhali mtu huyu amekuja na jina na nywila ya SQL Server yenyewe. Haya ni magonjwa matano yenye dalili moja, na kila moja lina tiba yake.

Daftari hilo huandika pia anwani ya kompyuta iliyobisha hodi, na faida ya jambo hili ni kubwa. Mathalani, hutokea mara nyingi kwamba nywila ya akaunti fulani imebadilishwa na kila mtu amearifiwa, lakini akaunti inajifunga. Fundi anaifungua, baada ya dakika chache imejifunga tena. Lawama huanza kuruka: huyu anamshuku yule, na yule anamshuku mchawi. Kumbe pembezoni mwa ofisi ipo programu ya zamani, iliyopangwa kutoa taarifa kila baada ya muda, nayo bado inabisha hodi kwa nywila ya zamani. Kila ikikosea mara kadhaa, seva huifunga akaunti kama ilivyoagizwa. Aliyesoma daftari ataona anwani ya mashine hiyo na kwenda moja kwa moja penye ugonjwa. Asiyesoma ataendelea kufungua na kufungiwa mpaka mwisho wa mwezi.

Kwa kifupi, kazi ya kutengeneza huanza kwa kusoma. Fundi anayeanza kubadilisha mipangilio kabla ya kusoma daftari hatengenezi kitu. Anacheza bahati nasibu kwa mali ya wengine.

YATIMA WA KANZIDATA

Yapo matatizo yanayojirudia kila mahali, na yafaa yajulikane ili yasimshtue mtu.

La kwanza ni lile la kuhamisha kanzidata kutoka seva ya zamani kwenda mpya. Katika SQL Server mtu huandikishwa mara mbili: mara moja kwenye seva yenyewe, na mara ya pili ndani ya kanzidata. Maandikisho haya mawili hayaunganishwi kwa jina bali kwa namba ya utambulisho iliyofichika. Kanzidata ikihamishwa, maandikisho ya ndani husafiri nayo, lakini yale ya seva hubaki kulikotoka. Kwenye seva mpya msimamizi huandikisha majina yale yale, na kila kitu huonekana sawa kwa macho. Kumbe namba hazilingani. Mafundi huwaita watumiaji hawa "yatima", na jina linawafaa: wamo nyumbani, lakini hakuna mzazi anayewatambua. Tiba yake ni amri moja tu ya kumuunganisha tena mtumiaji wa ndani na yule wa seva. Asiyejua hili huwafuta watu wote na kuwaandikisha upya, na katika kufuta hupoteza ruhusa zilizopangwa kwa miaka mingi.

La pili ni la MySQL. Huko akaunti si jina peke yake. Ni jina pamoja na mahali atokako mtu. Mtu anayeingia akiwa kwenye mashine ile ile ya seva, na mtu mwenye jina hilo hilo anayeingia kutoka kompyuta ya chumba cha pili, kwa MySQL wanaweza kuwa watu wawili, kila mmoja na nywila yake na ruhusa zake. Ndiyo maana fundi huingia vizuri akiwa kwenye chumba cha seva, akatangaza kwamba tatizo limekwisha, na watumishi wa ghorofa ya juu wakaendelea kukataliwa. Pande zote mbili zinasema kweli.

La tatu ni la PostgreSQL, ambayo ina faili la masharti ya kuingia. Seva hulisoma faili hilo kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaomhusu mtu ndio unaoamua. Iliyobaki haisomwi tena. Msimamizi anaweza kuongeza mstari sahihi kabisa mwishoni mwa faili na usimsaidie mtu yeyote, kwa kuwa juu yake umo mwingine uliokwisha kukata shauri. Aidha, seva haina habari na mabadiliko hayo mpaka iagizwe kulisoma faili upya.

La nne huletwa na maendeleo yenyewe. MySQL toleo la 8.0, lililotoka mwaka 2018, lilikuja na njia mpya na imara zaidi ya kuthibitisha nywila. Programu nyingi za zamani hazikuijua njia hiyo, zikashindwa kuingia ingawa jina na nywila vilikuwa sahihi. PostgreSQL nayo ilileta njia imara zaidi katika toleo la 10 la mwaka 2017, na kuifanya ya kawaida katika toleo la 14 la mwaka 2021. Tiba ya haki katika hali hiyo ni kuipandisha programu ya zamani ifikie usalama mpya. Kuushusha usalama mpya umfuate mzee asiyetaka kujifunza ni jambo la muda mfupi tu, tena kwa sababu maalumu iliyoandikwa.

DAWA INAYOZIDI UGONJWA

Hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Foleni ikiwa ndefu, mkuu wa ofisi akiwa anapiga simu kila dakika tano, na fundi akiwa amechoka, kishawishi cha kukata njia huwa kikubwa. Na njia za mkato ziko nyingi.

Ipo njia ya kuandika katika faili la PostgreSQL neno la Kiingereza lenye maana ya "amini", na kulielekeza kwa kila anwani. Kuanzia hapo seva humwamini kila ajaye na jina lolote analojitajia, bila nywila. Ipo njia ya kuiwasha MySQL kwa kuiagiza isisome kabisa majedwali ya ruhusa. Ipo njia ya kumpa kila mtumishi akaunti kuu, ile iwezayo kufuta kila kitu, ili asikwame tena kwa mlinzi wa tatu. Na ipo njia iliyo rahisi kuliko zote: ofisi nzima hutumia jina moja na nywila moja, iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kando ya kioo cha kompyuta, mwananchi aliye dirishani akiisoma pamoja na mtumishi.

Kila moja ya njia hizi humaliza kelele siku hiyo. Foleni inasogea, mkuu anaridhika, fundi anasifiwa. Lakini hakuna kilichotengenezwa. Mlango ulikuwa na kitasa kibovu, na badala ya kukitengeneza kitasa mtu ameung'oa mlango.

Historia imetoa ushahidi wa kutosha. Mwezi Mei 2002 kirusi kilichopewa jina la Spida kilienea kwenye seva za SQL Server. Hakikuwa na ujanja mkubwa. Kilibisha hodi kwenye mlango namba 1433 kwa jina la akaunti kuu, bila nywila yoyote, na kilikaribishwa, kwa sababu wasimamizi walikuwa wameiacha akaunti hiyo bila nywila. Miaka 15 baadaye, mapema mwaka 2017, makumi ya maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi mtandaoni bila nywila zilivamiwa. Wavamizi walifuta kumbukumbu na kuacha ujumbe wa kudai fidia kwa Bitcoin. Haikuhitajika kuvunja kitu, maana hapakuwa na kitu cha kuvunja.

Si kwamba watengenezaji hawakufikiria siku ya dharura. Mwenye nyumba aliyepoteza ufunguo ameachiwa njia halali. SQL Server inaweza kuwashwa katika hali ya mtumiaji mmoja, na mtu mwenye mamlaka ya utawala juu ya mashine yenyewe akaingia na kurejesha akaunti iliyopotea. MySQL inaweza kuwashwa pamoja na faili dogo lenye amri ya kuweka nywila mpya, bila kuwaondoa walinzi hata kwa dakika moja. Tofauti kati ya njia hizi na zile za mkato ni ndogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa maana. Njia halali humtaka mtu awe na mamlaka juu ya mashine yenyewe, na ikishatumika hufungwa. Njia ya mkato huachwa wazi kwa dunia nzima, na anayeiacha hujiambia kwamba ataifunga kesho. Kesho hiyo ni dada yake ile anayoahidiwa mwananchi dirishani.

Na hapa pana fundisho jingine: kama mwenye mamlaka juu ya mashine anaweza kurejesha kila ufunguo, basi ulinzi wa kanzidata huanzia kwenye kitasa cha mti cha chumba cha seva. Chumba kinachotumika pia kama stoo ya ufagio na viti vibovu si chumba cha seva.

UKIRITIMBA WA UFUNGUO

Lakini kukwama kwingi hakutokani na mashine. Hutokana na utaratibu wa watu.

Mwezi Julai 2008, katika jiji la San Francisco nchini Marekani, mhandisi mmoja wa mtandao wa jiji alikamatwa baada ya kukataa kutoa nywila za mitambo aliyokuwa akiisimamia. Mtandao uliendelea kufanya kazi, lakini hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuusimamia. Jiji tajiri, lenye wataalamu wa kila namna, lilikaa siku kadhaa likiwa mgeni katika nyumba yake lenyewe, mpaka mhandisi huyo alipokubali kumpa nywila Meya wa wakati huo, Gavin Newsom, aliyekwenda kumwona gerezani. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani.

Ni rahisi kumlaani mhandisi huyo na kuishia hapo. Swali zito zaidi ni lile linalowahusu wakubwa wake: ilikuwaje ufunguo wa mali ya umma ukakaa katika kichwa cha mtu mmoja? Mtu huyo asingehitaji kuwa mkaidi ili jiji likwame. Ingetosha augue, astaafu au apate ajali barabarani. Ukiritimba wa ufunguo ni hatari hata pale mshika ufunguo ni mtu mwema.

Upande wa pili wa ubaya huo ni ufunguo usiorudishwa. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilifunga bomba lake la mafuta, lenye urefu upatao kilomita 8,850, kwa siku kadhaa. Wavamizi walikuwa wameingia kwa nywila ya akaunti ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena, lakini haikuwa imefungwa, na haikuhitaji uthibitisho wa pili. Kampuni ililipa fidia ya Bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya dola milioni 4.4 hivi wakati huo. Mtumishi anapohamishwa au kustaafu, ofisi humfanyia sherehe, humpa zawadi na kumdai funguo za kabati. Ni ofisi ngapi zinazomdai ufunguo wa kanzidata siku hiyo hiyo?

Wala haifai kudhani kwamba wazembe peke yao ndio huingia mashakani. Nywila za kompyuta zina asili yake katika mfumo wa CTSS uliobuniwa katika chuo cha MIT chini ya uongozi wa Fernando Corbató mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siku moja katika miaka hiyo, wasimamizi wawili wa mfumo huo walikuwa wakifanya kazi kwa wakati mmoja, mmoja akihariri ujumbe wa salamu, mwingine akihariri orodha ya nywila. Mafaili yao ya muda yakabadilishana nafasi. Kila mtu aliyeingia baada ya hapo alikaribishwa kwa kuchapiwa nywila za watu wote. Waasisi wenyewe yaliwapata hayo. Anayejiona kwamba hawezi kukosea hajaelewa kazi aliyopewa.

PINGAMIZI LENYE UZITO

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni maneno mazuri ya vitabuni. Mama aliyesafiri kutoka kijijini kwa nauli ya kukopa hawezi kungoja daftari lisomwe, fomu ijazwe na sahihi tatu zitafutwe. Mwalimu anayetakiwa kuingiza alama za wanafunzi kabla ya saa sita usiku hawezi kuambiwa kwamba mhusika wa nywila yuko likizo. Je, si urasimu ule ule unaovaa nguo mpya?

Pingamizi hili lina uzito na halifai kubezwa. Ulinzi unaomzuia mwenye haki ni ulinzi uliokosea adui. Zaidi ya hayo, masharti ya kuudhi huzaa hila. Mtumishi anayelazimishwa kubadilisha nywila kila mwezi hubadilisha tarakimu ya mwisho tu: mwezi huu moja, mwezi ujao mbili. Ndiyo maana mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa mwongozo unaoshauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani, bali pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Masharti yasiyo na maana hayaongezi usalama. Yanaongeza karatasi zilizobandikwa kwenye vioo.

Lakini jibu la pingamizi hilo haliwezi kuwa kuung'oa mlango. Anayemhurumia kweli yule mama wa kijijini atakumbuka kwamba kumbukumbu zilizomo ndani ni zake. Zikifutwa au zikibadilishwa kwa mkono usiojulikana, hatarudi kesho wala keshokutwa. Atakuwa amepoteza shamba au pensheni. Haraka inayomfaa ni ile iliyoandaliwa kabla ya siku ya shida. Ofisi yenye utaratibu humfungulia mtu akaunti yake kwa dakika chache. Ofisi isiyo na utaratibu ndiyo inayochukua siku tatu, kisha ikasingizia usalama.

YANAYOPASWA KUFANYWA

Mambo yenyewe si mengi, na mengi hayahitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka mbali.

Kwanza, kila mtumishi awe na jina lake na nywila yake. Akaunti ya ofisi nzima ni akaunti ya hakuna mtu: likitokea baya, daftari litaandika jina la ofisi, na ofisi haiwezi kusimama kizimbani.

Pili, kila mtu apewe ruhusa inayotosha kazi yake. Karani anayesoma taarifa asipewe uwezo wa kuzifuta. Jambo hili halina dharau kwa karani; linamkinga asishukiwe.

Tatu, akaunti kuu ishikwe na watu wasiopungua wawili, na nywila yake ihifadhiwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri katika kasha la chuma, ifunguliwe mbele ya mashahidi, na ikishafunguliwa ibadilishwe. Njia hii ni ya kale kuliko kompyuta, na wahasibu wanaijua vizuri.

Nne, siku mtumishi anapoondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo, na sehemu hiyo iandikwe katika fomu ya makabidhiano pamoja na meza na kiti.

Tano, kabla ya kugusa mipangilio ya seva, fundi awe na nakala ya akiba aliyoijaribu kuirejesha, na aandike alichokuta, alichobadilisha na kwa nini. Fundi ajaye asilazimike kuwa mpiga ramli.

Sita, ofisi ifanye mazoezi ya kupoteza ufunguo, kama shule zinavyofanya mazoezi ya kukimbia moto.

Kwa Tanzania, mambo haya si ya hiari tena. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Sheria ya Serikali Mtandao ilitungwa mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Anayemwazima mwenzake nywila kwa wema hapaswi kushangaa siku atakapoambiwa kwamba ametoa kisichokuwa chake.

Nchi hii ina kumbukumbu yake ya kale katika jambo hili. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine zilizoletwa kuzaa hasara na vurugu katika hesabu. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na hakuna mwenye akili anayetaka irudi. Lakini fundisho lake halijazeeka. Mashine iliyoletwa bila watu wanaoielewa huwa bwana wa ofisi badala ya kuwa mtumishi wake. Zamani kutoielewa kulimaanisha kushindwa kuiendesha. Leo kunamaanisha kushindwa kujua ni nani aliyeingia, kwa idhini gani, na aligusa nini.

Walimu wana nafasi ya pekee hapa, kwa sababu tabia hujengwa darasani kabla ya kuonekana ofisini. Mwanafunzi anayemwona mwalimu wake akimpa mwenzake nywila kwa sauti darasani amejifunza somo ambalo halimo katika muhtasari, na atalikumbuka kuliko yaliyomo. Kadhalika, wakuu wa ofisi waache kumpima fundi kwa kasi ya kuondoa kelele. Wampime kwa maswali mawili: ulikuta nini kwenye daftari, na umeufunga mlango ulipotoka?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, nao hawakuwa na kompyuta hata moja. Ufunguo wa kumbukumbu za umma si alama ya cheo, wala si hirizi ya fundi, wala si zawadi ya kumpa rafiki. Ni dhamana. Aliyekabidhiwa autunze, aweze kuueleza, na siku yake ikifika aukabidhi kwa anayefuata, ili mwananchi aliye dirishani ahudumiwe leo, na kumbukumbu zake azikute salama kesho.